Koti la Hakimu wa Kwanza

Vitabu vilifika Jumatatu asubuhi, maboksi kumi na mawili, na kwa kuwa sebule ilikwisha kujaa vitabu vingine tangu zamani, wapagazi waliyatua juu ya meza ya kukatia nguo. Fundi alibaki amesimama na mkasi mkononi. Sketi ya mteja ilikuwa imekatwa nusu, nusu nyingine imelaliwa na maboksi. Akamtazama mumewe kwa lile jicho ambalo mke huwa nalo moja tu, akalitunza kwa siku kama hizo.

"Siku nne tu, mama," Wakili akasema. "Ijumaa yanaondoka yote."

"Na sketi ya watu?"

"Sketi itavumilia. Historia imesubiri miaka themanini."

"Historia haina miguu ya kuja kunigombeza hapa. Mwenye sketi anayo, na anakuja saa nane."

Wakili hakusikia. Alikuwa ameshapasua boksi la kwanza na kuingiza pua ndani kama mtu anayenusa mkate. Alikuwa na haki ya kunusa. Miaka thelathini na mmoja alifundisha sheria, na katika chumba cha nyuma cha nyumba hii alichapisha vitabu vya hukumu ambavyo hakuna hakimu mjini aliyefaulu mtihani bila kuvilalia usingizi. Alipostaafu hakupumzika. Alihamia masjala ya mahakama, akakaa na mafaili ya zamani miaka sita, anapiga chafya, anaandika, anapiga chafya tena, mpaka ikatoka historia nzima ya mahakama ya mji tangu kesi ya kwanza. Ijumaa saa kumi alasiri kitabu kingezinduliwa palepale mahakamani, na mzinduzi ni Jaji, aliyekuwa mwanafunzi wake.

Kadi zilikwisha kugawiwa. Ya nyumbani iliandikwa "Wakili na Mwenza", na Fundi alikuwa ameigeuza pande zote mbili kuona kama nyuma kuna maelezo zaidi.

"Mwenza ndiye nani?" aliuliza siku ile.

"Si ndiye wewe."

"Ahaa. Na chai ya watu mia na hamsini anapika nani?"

"Si ndiye wewe."

"Basi Mwenza ana kazi nyingi kwa mtu asiye na jina."

Sasa Wakili alitoa nakala ya kwanza, akaifuta kwa leso ijapokuwa haikuwa na vumbi, akampa mkewe kwa mikono miwili. Fundi naye akaweka mkasi chini, akafuta vidole kwenye khanga, akaipokea. Kwa kweli alifurahi. Mtu aliyepiga chafya miaka sita ndani ya nyumba yako, ushindi wake ni wako pia.

Kwenye jalada palikuwa na picha ya zamani. Wanaume watatu mbele ya mlango wa mahakama, juu yao kibao chenye maandishi. Wa katikati alikuwa mrefu, mwenye masikio mapana na koti. Kushoto kwake kijana amesimama wima kama mwiko. Kulia kwake mtu mfupi mwenye tumbo, amevaa shati tu na mikanda ya suruali mabegani.

Watu wengine wakipewa picha hutazama nyuso. Fundi hutazama mishono.

"Huyu wa katikati nani?"

"Hakimu wa kwanza. Mtazame alivyosimama. Hiyo ndiyo sheria yenyewe imevaa koti."

"Na huyu mfupi?"

"Hajulikani. Nimeandika hivyo ndani, 'mtu asiyejulikana'. Pengine mfagizi."

"Koti si lake," Fundi akasema.

"La nani?"

"La huyo mfagizi wako."

Wakili akacheka kwa upole, kicheko alichokuwa akiwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. "Mama, watu wa zamani walivaa hivyo."

"Mikono imeishia vidole vinne juu ya kifundo cha mkono? Tazama tumboni. Limepwaya kama hema lililong'olewa mti. Koti huvimba pale mwenyewe anapovimba, na huyu bwana hata mbavu zake nazihesabu. Tumbo lililolivimbisha koti hili liko hapa kando, ndani ya shati."

"Hayo ni maoni."

"Na mfuko wa kifua?"

"Umefanyaje?"

"Uko kulia. Koti la mwanamume mfuko huo huwa kushoto."

Hapo Wakili akapata nafuu, maana jibu alikuwa nalo. "Picha imegeuzwa ilipokuwa inasafishwa. Hutokea mara nyingi."

"Kama imegeuzwa, kibao cha mlangoni mbona kinasomeka?"

Wakili akakisoma kibao. Akakisoma tena. Binti yao, aliyekuwa amepanga kurasa za kitabu hicho kwa kompyuta ya chumba cha nyuma, akatoka na kikombe mkononi, akasimama mlangoni, maana aliijua sauti ya mama yake inapoanza kupanda.

"Kilichogeuzwa ni koti," Fundi akasema. "Kitambaa kikichakaa nje, fundi anafumua lote, anageuza ndani nje, anashona upya. Linakuwa jipya, ila mfuko unahamia upande wa pili. Aliyevaa hili hakuwa tajiri, lakini alipenda usafi. Halafu ona kola. Upande mmoja una ncha, mwingine butu, kwa sababu kitambaa hakikutosha. Mimi nalijua koti hili, Wakili. Nimelishona mara nne kwa mikono hii."

"Koti la miaka themanini?"

"Ni la yule bibi anayeuza vitunguu nyuma ya soko. Kila kijana wa kwao anapooa, analileta. Tena ana sharti moja, halibadiliki: kunja, shusha, lakini usikate. Nikimuuliza kwa nini, anasema, wewe kunja tu."

"Huo ni uvumi," Wakili akasema. Hilo ndilo lilikuwa neno lake zito kuliko yote. Darasani alikuwa akiliandika ubaoni siku ya kwanza: sheria bila ushahidi ni uvumi.

"Uvumi hauna mfuko kulia."

"Miaka sita nimekaa na mafaili. Wewe umekaa na jalada dakika tano."

"Na katika miaka sita hiyo," Fundi akasema taratibu, akichukua mkasi wake, "hukuniuliza hata siku moja."

*

Kulikuwa na mzee mmoja mjini aliyeitwa Bwana Kimya. Miaka arobaini kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni mwa mahakama na kupaza sauti, "Kimya!" Kwa kuwa neno hilo aliwapa wengine lote, yeye mwenyewe hakubakiwa nalo hata kidogo. Fundi alimtumia ujumbe kwamba kuna jambo la picha. Mzee alifika kabla ujumbe haujapoa.

Alikuta nyumba imeshajaa. Mwenye sketi alikuwa amekuja kuchukua sketi, akapewa habari badala yake, akaona si hasara. Jirani wa kulia alikuja kuazima chumvi na hakukumbuka tena kuiomba.

Bwana Kimya akashika kitabu, akakisogeza mbali na macho, akakivuta, akacheka mpaka akakaa.

"Huyu kijana aliyesimama kama mwiko ni baba yangu."

"Huyo ni karani wa mahakama," Wakili akasema. "Nimeandika."

"Karani? Baba yangu hakujua kuandika hata jina lake. Alikuwa mwita watu, kama mimi. Kazi ya urithi."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja hapa kwako, miaka minne iliyopita, nikabisha. Ukaniambia, 'Bwana Kimya, kwa sasa nahoji majaji tu.' Nikasema sawa. Nikaenda kuongea na wengine."

Mwenye sketi akakohoa ili asicheke.

Basi Bwana Kimya akaeleza, na mara hii aliulizwa. Siku mahakama ilipofunguliwa, rangi ya ukuta ilikuwa bado mbichi, na kesi ya kwanza ilikuwa wizi wa ngazi. Ngazi yenyewe ni ile iliyotumika kupaka rangi mahakama. Wakamkamata aliyekuwa akipaka rangi, kijana mrefu wa masikio, wakamvuta njia nzima mpaka shati likabaki kola. Akapandishwa kizimbani kifua wazi, mbele ya watu wote na wake zao. Hakimu, kibonge mmoja mpole, akasema hapana, mtu hasomewi shtaka uchi. Akavua koti lake mwenyewe, akamvisha. Akasikiliza kesi na shati.

"Na ngazi?" jirani akauliza.

"Ilikuwa juu ya paa la mahakama. Fundi wa bati aliivuta juu, mvua ikamkimbiza, akashukia dirishani, akaisahau. Baba yangu ndiye aliyeiona. Wote walikuwa wanatafuta chini. Mshtakiwa akaachiwa palepale, na mpiga picha aliyekuja kwa ufunguzi akasema simameni hapo mlangoni."

"Ulikuwepo?" Wakili akauliza. Sauti ilikuwa ya mahakamani, lakini haikuwa na nguvu.

"Sikuwa nimezaliwa. Nimesimuliwa."

Wakili akaingia chumba cha nyuma. Walimsikia akifungua makabati. Akarudi na daftari lake alilonakili rekodi za kesi ya kwanza, miwani imeshuka puani, akasoma kwa sauti iliyokuwa inapungua kila neno: "Kabla ya kusomewa shtaka, mshtakiwa apewe nguo ya kujisitiri. Ngazi imeonekana juu ya paa. Mshtakiwa hana hatia."

"Ulikuwa nayo, Baba," binti yake akasema.

"Nilikuwa nayo. Nilidhani ni maneno ya taratibu tu." Akaketi juu ya boksi la vitabu. "Niliona koti, nikasema hakimu. Mwanafunzi akinifanyia hivyo, nilikuwa nampa sifuri, tena kwa wino mwekundu. Nimeweka mshtakiwa kwenye jalada la historia ya mahakama, mara mia tatu."

Nyumba ikawa kimya kweli, na aliyekuwa na kazi ya kuileta hali hiyo hakuhitajika kusema lolote.

"Mimi sijasikia kitu," mwenye sketi akasema kwa huruma. Kila mtu pale alijua maana yake: kabla ya magharibi mji mzima utakuwa umesikia.

"Nampigia Jaji. Naahirisha," Wakili akasema.

"Unaahirisha mpaka lini?" Fundi akauliza. "Mpaka huyu mrefu afupike?"

"Unataka nisimame mbele ya wanafunzi wangu wote niseme sikujua kutazama picha?"

"Nataka usimame. Utakachosema unakijua mwenyewe, umekifundisha miaka thelathini na mmoja." Akavuta kigoda, akakaa karibu naye, sauti ikashuka. "Sikiliza, mume wangu. Yule kibonge alivua koti mbele ya watu, na wewe umemwita mfagizi asiyejulikana. Yule mrefu ana watoto, wana wajukuu, wanauza vitunguu hapo nyuma ya soko, hawajui kwamba uso wa baba yao uko mezani kwangu. Hilo nalo tuliahirishe?"

Wakili akavua miwani, akaifuta. Akaivaa tena.

"Karatasi ya masahihisho," akamwambia binti yake. "Mashine yako inaweza?"

"Mia tatu? Kesho kutwa ziko tayari."

"Mgala muue na haki mpe," Wakili akasema, akainuka. "Twende kwa huyo bibi kesho. Lakini nataka ushahidi."

"Vaa kawaida tu," Fundi akamwonya.

*

Hakuvaa kawaida. Alivaa suti nyeusi, akabeba mkoba na faili kwapani, akatembea katikati ya mafungu ya vitunguu kama hati ya kuitwa shaurini. Bi Vitunguu alimwona kutoka mbali. Alikuwa na miaka sabini na tisa, na macho yake yalikuwa mazima kuliko mizani yake.

"Shikamoo, bibi," Wakili akasema. "Nimetoka upande wa mahakama. Nimekuja kuhusu koti."

"Koti gani?"

"La marehemu baba yako."

"Hapa kuna vitunguu. Vyekundu na vyeupe. Makoti ni ng'ambo ile."

"Bibi, mimi si nilikushonea mwaka juzi, harusi ya mjukuu?" Fundi akasema.

Bi Vitunguu akamtazama juu mpaka chini, mtu aliyemfahamu miaka ishirini, aliyekunywa chai yake mara zisizohesabika. "Huyu mama simjui," akasema.

Fundi uso ukamwiva. Wauza nyanya wakageuka wote. Hata hivyo alikuwa mwanamke wa mtaani, alijua kwamba mtu hakatai hivyo ila ana jambo. Akamnyang'anya mumewe mkoba, akatoa kitabu, akakiweka juu ya fungu la vitunguu vyekundu.

Bi Vitunguu aliangalia jalada. Kwanza alilitazama koti, na mkono ukaenda kifuani. Kisha akaangalia juu ya koti. Akakitwaa kitabu. Akakileta karibu, kidole chake kikaenda kwenye sikio moja la yule mtu wa katikati, kikafuata ukingo wake wote, kisha kikaja kwenye la pili.

"Nani huyu?"

"Ni baba yako, bibi," Wakili akasema. "Nadhani. Wewe ndiye utakayetuambia."

"Nitawaambiaje? Alikufa nikiwa nabebwa mgongoni. Sura yake siijui. Hatukuwa na picha." Akaendelea kushika masikio. "Wanangu wote wanne, na wajukuu, na huyu wa juzi ambaye hata jino hana, wana masikio haya haya. Miaka yote nawasema watu wa kwa mume wangu. Mama mkwe wangu amekufa nikimlaumu."

Mwuza nyanya akaangua kicheko, na Bi Vitunguu mwenyewe akacheka, machozi yakishuka, akijifuta kwa kiganja chenye harufu ya vitunguu, jambo lililoyaongeza.

"Sasa mahakama inataka nini?" akauliza baadaye, bado hajakiachia kitabu.

"Inakualika Ijumaa," Wakili akasema, akampa kadi. "Wewe na watu wako wote."

Aliishika kadi kwa ncha za vidole. "Mara ya mwisho walipotuita," akasema, "ilikuwa ile ya ngazi."

*

Alhamisi mchana nyumba ya Wakili ilikuwa kama nyumba ya harusi. Majirani walikaa kwenye mikeka, gundi katika vibakuli, mmoja anafungua ukurasa, mwingine anapaka, wa tatu anabandika, wa nne anakandamiza kwa pasi ya makaa isiyo na makaa. Habari za mji zilipita mkono kwa mkono pamoja na vitabu. Nani kaachana na nani, nani kanunua gari bila kujua kuendesha. Wakili, ambaye maisha yake yote alikuwa akifunga mlango Fundi akipata wageni, alikaa katikati yao amekunja mikono ya shati, na mara mbili alishikwa akiuliza, "Halafu ikawaje?"

Bwana Kimya alikabidhiwa kazi ya kupuliza gundi ikauke, kwa matumaini kwamba mdomo ukipuliza hautasema. Aliweza vyote viwili.

Fundi akachukua karatasi moja, akasoma. Ilieleza nani ni nani katika picha, majina kamili, kesi, ngazi na paa. Mwisho iliandikwa: "Kosa hili ni la mwandishi. Aliyeligundua ni mke wake."

"Vizuri," akasema.

Wakili alimjua. Vizuri ya namna hiyo ilikuwa na mkia. "Kuna nini?"

"Hakuna. Ila mke hajui mfuko wa kulia ni nini. Wake wako wengi humu, na wote wamekaa na picha hiyo tangu asubuhi."

"Nikuandike nani?"

"Kwani mimi nafanya kazi gani?"

Watu wakaacha kupaka. Wakili akamtazama mkewe, futi ya kupimia ikiwa shingoni kama ilivyokuwa tangu siku alipomwoa, kisha akamgeukia binti yake. "Tumebandika ngapi?"

"Kumi na tisa, Baba. Na karatasi zimebaki mia mbili themanini na moja, zote za mke."

"Chapa upya. Jina lake lote. Na baada ya jina, fundi cherehani. Na hizo kumi na tisa mzibandue."

"Mimi nilikuwa naondoka," jirani wa kulia akalalamika, akivuta kibakuli cha pili cha gundi. Hakuondoka.

*

Ijumaa ukumbi wa mahakama ulijaa mpaka madirishani. Mawakili, mahakimu, walimu, watu waliowahi kulala kwenye sakafu ya sebule ya Wakili siku za mitihani, sasa wana vitambi na vyeo. Fundi alikuwa nyuma, kwenye meza ya chai, akihesabu vikombe ili asihesabu mapigo ya moyo.

Wakili alipanda jukwaani. Hakuanza na shukrani. "Mabibi na mabwana," akasema, "fungueni ukurasa wa pili. Mtakuta karatasi imebandikwa. Mwalimu wenu amepata sifuri."

Hakuna aliyejua kama acheke. Akaeleza yote, koti, mfuko, kibao, jinsi alivyokuwa na ukweli kwenye daftari lake mwenyewe na hakuujua, jinsi Bwana Kimya alivyobisha akamfungia. Hakujitetea popote. Kisha akasema, "Sikuwafundisha muamini maneno yangu. Namwita shahidi." Akanyoosha mkono kuelekea meza ya chai.

Fundi alitaka kujificha nyuma ya birika, lakini birika lilikuwa dogo na yeye hakuwa mdogo. Akapita katikati ya watu na futi yake shingoni. Jaji, mwanamke mrembo mwenye mvi mbili tatu, akasogea kumpisha kwenye kiti chake mwenyewe.

"Shahidi, kazi yako?" Jaji akauliza, macho yanacheka.

"Fundi cherehani, mheshimiwa. Hata kadi ya mwaliko haikujua."

Hapo ukumbi ukacheka wote, Wakili akiwa wa kwanza. Vifijo vilikuwa bado havijaisha wakati mlango mkubwa ulipofunguliwa, wakaingia watu kumi na mmoja wenye masikio mapana, mbele yao Bi Vitunguu na furushi la gazeti. Alitembea moja kwa moja mpaka mezani kwa Jaji, akaliweka furushi, akalifungua. Koti. Limepigwa pasi, mfuko kulia, kola moja ncha, nyingine butu.

"Nimekuja kulirudisha," akasema.

"Kurudisha nini, mama?"

"Koti lenu. Baba alimwambia mama yangu, nimeazimwa, sikupewa. Mahakama ikituita, lirudi. Miaka yote tunapita njia ya nyuma ili msituone. Vijana wameolea humu, ndiyo, lakini hatujakata hata uzi. Fundi huyu ni shahidi. Juzi nilisema simjui. Namjua."

Fundi akalikumbuka lile sharti. Kunja tu. Usikate. Miaka ishirini alidhani ni ubahili wa kizee.

Jaji alilishika koti kwa mikono miwili. Kisha akasimama, na ukumbi mzima, kwa mazoea, ukasimama naye.

"Mwalimu," akasema, "ulitufundisha nini kuhusu mwenye mali asiyedai mali yake mwaka baada ya mwaka?"

Wakili akajibu kama mtu anayesali. "Kwamba dai nalo huzeeka, mheshimiwa. Mwisho hufa, na hakuna mahakama ya kulifufua."

"Na mahakama yenyewe, ikiwa ndiyo mwenye mali?"

"Sheria haimjui mkubwa."

"Basi," Jaji akasema, "mahakama hii imechelewa kudai. Haina koti hapa. Koti ni la familia ya mpaka rangi, leo na siku zote, na njia ya mbele ni yenu kama ya mtu mwingine yeyote."

Bi Vitunguu hakuonekana kushawishika. Aliwahi kuuziwa mizani mbovu kwa maneno matamu. "Niandikie," akasema.

Jaji akachukua kitabu kimoja mezani, akafungua ukurasa mtupu wa mwanzo, akaandika hukumu yote, mistari minne, akatia sahihi na tarehe. Karani akaitwa na muhuri. Bwana Kimya, ambaye hakuna aliyemtuma, akaujaza ukumbi kwa sauti yake ya miaka arobaini, na watu wakanyamaza wakisikiliza muhuri ukishuka. Kisha kelele iliyofuata hata yeye hakuiweza.

Vitabu viliisha kabla ya chai. Wakili alikaa akitia sahihi, na kwa kila msomaji alisema, "Na ya Fundi je?" mpaka ikabidi Fundi atafutiwe kalamu yake.

Ilikuwa karibu watu waondoke Bi Vitunguu alipomvuta Fundi pembeni, nyuma yake kijana mnene mwenye haya, koti mkononi.

"Huyu anaoa wiki mbili zijazo," akasema. "Mnene kama huyo hakimu wenu, lakini mikono mifupi. Sasa ni letu, tuna muhuri. Kata unavyotaka."

Fundi alimsimamisha kijana chini ya kibao cha mlango, akamvisha, akavuta futi kutoka shingoni. Alipima bega, akapima mkono. Mkasi ulikuwa mfukoni, na aliugusa. Kisha akatazama nyuma ya bwana harusi, mlangoni, ambako wavulana wawili wa familia ile walikuwa wakisukumana, masikio yao yamepokea jua la jioni.

"Nitakunja," akasema, pini zikiwa mdomoni. "Hao wawili wanakua."